Tuhesabu Hewa Ukaa kwa Magunia

(Mazungumzo kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya hesabu ya kugawanya. Kugawanya mlijifunza katika darasa la kisomo. Mligawanya mahindi, mkagawanya mbolea, mkagawanya fedha za chama. Sasa tutagawanya kitu ambacho hakionekani kwa macho wala hakishikiki kwa mkono. Kitu hicho ni hewa ukaa.

Kwa nini tujisumbue nacho? Kwa sababu siku hizi kila tukifungua redio tunasikia habari za mabadiliko ya tabianchi. Mvua za vuli zinachelewa, au zinakuja zote kwa siku tatu na kubeba daraja. Wataalamu wanasema dunia inapata joto kwa sababu ya hewa ukaa, na wengine wanaongeza kwamba hewa hiyo tumeitoa sisi sote. Hilo neno "sisi sote" ndilo tunalotaka kulipima leo. Maana kwenye mkutano wa kijiji mtu akisimama na kusema "sisi sote tumemla ng'ombe wa kijiji", lazima atanyanyuka mwingine aulize: mimi nilipewa kipande gani?

Basi tuanze na hewa yenyewe.

Hewa ukaa hutoka pale kitu chenye kaboni kinapoungua. Kuni, mkaa, mafuta ya taa, petroli, dizeli, makaa ya mawe, gesi ya kupikia, vyote hivyo vina kaboni. Wataalamu huiita kaboni dayoksaidi. Siyo ule moshi mweusi unaowasha macho jikoni. Moshi unauona. Hewa ukaa huioni, haina harufu, na hata sisi wenyewe tunaitoa tukipumua. Ile ya kupumua haihesabiwi humu, kwa sababu inatokana na chakula, na mimea ya chakula hicho iliivuta hewa hiyo kutoka angani wakati inakua. Imekopwa ikarudishwa. Tunayohesabu hapa ni ile inayotoka katika mafuta, gesi na makaa ya mawe, vitu vilivyolala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka mpaka mtu alipokwenda kuvichimba. Pamoja nayo huhesabiwa ile inayotoka viwandani wakati wa kutengeneza saruji.

Ikifika angani, hewa hiyo hufanya kazi ya blanketi. Jua linapasha ardhi, ardhi inataka kurudisha lile joto juu, blanketi linazuia sehemu yake. Blanketi si baya. Bila hilo dunia ingekuwa na baridi ya barafu na hakuna ambaye angelima. Ubaya ni kuzidi. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa hewa ukaa. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kuipima huko Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, akakuta imefika kama 315. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420. Mtu anaweza kusema, sehemu 420 katika milioni ni kitu gani? Lakini nanyi mnajua pilipili ndogo tu inavyoweza kufanya katika chungu kizima.

Sasa hapa pana jambo moja linalowashangaza wengi. Tunaambiwa kwamba ukichoma lita moja ya petroli unapata hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.3 hivi. Lakini lita moja ya petroli yenyewe haifikishi hata kilo moja! Ni kama robo tatu ya kilo. Je, uzito umezidije? Ati huu si uongo wa wataalamu?

Hapana, si uongo. Fikirini ugali. Ukisonga ugali kwa unga wa kilo moja, ugali ukiiva hauna kilo moja. Ni mzito zaidi, kwa sababu maji yameingia. Na petroli ni hivyo hivyo. Inapoungua, kaboni iliyo ndani yake inakamata oksijeni kutoka katika hewa iliyoizunguka, na uzito wa oksijeni unaongezeka juu. Kila kilo 12 za kaboni hukamata kilo 32 za oksijeni, jumla kilo 44. Kwa hiyo mwenye bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku anatoa karibu kilo 7 za hewa ukaa kwa siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni kilo 2,100.

Kilo 2,100 ni nyingi au ni chache? Hatuwezi kujua mpaka tuwe na kipimo tunachokielewa. Wakubwa katika mikutano yao wanahesabu kwa tani. Tani moja ni kilo 1,000, yaani magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Sisi tutahesabu kwa magunia. Mwenye bodaboda wetu, basi, anajaza magunia 21 kwa mwaka. Lakini tusimwonee, maana nusu ya kijiji imepanda nyuma yake.

Haya, sasa twende kwenye nchi.

Mkisikiliza taarifa za habari mtasikia kwamba nchi inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko zote duniani ni China. Hiyo ni kweli. Mwaka 2022 China ilitoa tani milioni 11,400 hivi. Marekani ilifuata kwa mbali, tani milioni 5,000 hivi. Ya tatu ilikuwa India, karibu tani milioni 2,800. Mtu akiishia hapo atasema, mwenye makosa makubwa ni Mchina, na Mhindi naye yumo.

Lakini hebu tuseme kuna kisima kimoja na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina watu 12, wanachota ndoo 12 kwa siku. Nyumba ya pili ina watu 2, wanachota ndoo 6. Nani anatumia maji mengi? Ukihesabu ndoo kwa nyumba, ni ile ya kwanza. Ukihesabu kwa kichwa, katika nyumba ya kwanza kila mtu ana ndoo moja, na katika ile ya pili kila mtu ana ndoo tatu. Kisima kikianza kukauka, mtakwenda kuzungumza na nani kwanza?

Hivyo hivyo kwa nchi. Marekani ina watu kama milioni 333. Chukua tani milioni 5,000, gawanya kwa watu milioni 333. Jibu ni 15. China ina watu zaidi ya milioni 1,400. Gawanya milioni 11,400 kwa hao. Jibu ni 8. India nayo ina watu zaidi ya milioni 1,400, na jibu lake ni 2.

Yaani Mmarekani anajaza magunia 150 kwa mwaka, Mchina 80, Mhindi 20. Wastani wa dunia nzima ni kama magunia 47 kwa kila mtu.

Na sisi Watanzania? Tunajaza magunia mawili na nusu. Ni robo tani tu. Mkenya hafikishi magunia matano. Mganda ana gunia moja na kitu kidogo. Mkongo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hajazi hata nusu gunia.

Hebu tulirudie hilo kwa njia nyingine, maana lina uzito. Magunia 150 gawanya kwa magunia mawili na nusu ni 60. Mmarekani mmoja ni sawa na Watanzania 60. Kwa hiyo kijiji chenye watu 3,000, pamoja na wazee wake na watoto wachanga wake, pamoja na mashine zake za kusaga na bodaboda zake zote, kikihesabiwa kwa wastani wa taifa kinatoa hewa ukaa sawa na Wamarekani 50. Watu 50 wanaenea katika basi moja.

Marekani si ya kwanza kwa hesabu hii ya vichwa. Wanaoongoza ni watu wa nchi za Ghuba. Mwaka 2022 Qatar ilikuwa na zaidi ya magunia 350 kwa kila mtu, na Saudia magunia kama 180. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilikuwa karibu na Marekani. Nchi hizo ni za jangwa. Maji ya kunywa wanatengeneza kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na kazi hiyo inataka nguvu nyingi. Nyumba zao hupozwa kwa mashine karibu mwaka mzima. Zaidi ya hayo, Qatar inauza gesi nje. Ili gesi iingie melini, inapozwa mpaka inakuwa maji, kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, na kupoza huko kunachoma gesi nyingine nyingi. Watu wenyewe mwaka 2022 hawakufika milioni tatu. Kikubwa kikigawanywa kwa wachache, lazima fungu liwe kubwa.

Hapa ndipo tunapotaka muwe macho na hili neno wastani. Wengi wa wanaoishi Qatar si wenyeji. Ni wafanyakazi kutoka nje: Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, na wapo pia vijana wa Kenya na Uganda. Binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani mjini Doha anahesabiwa na yeye. Kwenye karatasi ana magunia 350. Kwa kweli hana gari, halipi umeme, na chumba chake tunajua kilivyo. Wastani ni kitu cha namna hiyo. Watu watano wakikaa pamoja, mmoja ana ng'ombe 100 na wanne hawana hata ndama, wastani wao ni ng'ombe 20. Nani kati yao ana ng'ombe 20? Hakuna hata mmoja.

Na hapa kwetu je? Magunia mawili na nusu ya Mtanzania ni wastani vilevile. Mkubwa wa mjini mwenye magari mawili na jenereta nyuma ya nyumba amejaza magunia yake mengi, na bibi wa kijijini anayewasha taa ya sola na kupanda basi mara mbili kwa mwaka hajajaza hata moja. Tukiwagawanya pamoja wanafanana. Kwa hiyo mtu akiwaletea wastani, mwulizeni pia: na ndani ya nchi yenyewe, nani na nani?

Wapo wanaofikiri kwamba maisha mazuri lazima yaende na magunia mengi. Si lazima hivyo. Mjerumani mwaka 2022 alikuwa na magunia 80. Mfaransa, jirani yake wa mpakani, alikuwa na magunia 46. Mfaransa hali vibaya wala halali gizani. Tofauti moja kubwa ni umeme. Ufaransa hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwa nguvu za nyuklia, ambazo hazichomi kitu. Ujerumani bado ilikuwa inachoma makaa ya mawe. Uswidi nayo ina mabwawa ya umeme na nyuklia, na tangu mwaka 1991 inatoza kodi kwa kila tani ya hewa ukaa. Mswidi yuko chini ya magunia 40, na baridi ya kwao mmeisikia.

Mwingereza ndiye mwenye habari ndefu. Nchi yake ndiyo iliyotangulia kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe. Mwaka 1882 London ilianza kupata umeme kutoka mtambo wa makaa hayo. Mwaka 1970 kila Mwingereza alikuwa na zaidi ya magunia 110. Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, ulioko Ratcliffe-on-Soar. Ni miaka 142. Na magunia yake yalikuwa yameshuka yakawa kama 47, sawa na wastani wa dunia.

Tumpigie makofi? Kidogo, ndiyo. Lakini tumkague kwanza. Fikirini mama mfinyanzi anayechoma vyungu nyumbani kwake. Moshi wote unapaa kutoka uani kwake. Sisi majirani hatuna moshi, ila ukiingia jikoni kwetu utakuta vyungu vyake vitano. Moshi huo tuuandike kwa nani? Uingereza imefunga viwanda vyake vingi, na sasa nguo, vyombo na vyuma inanunua nje, vingi kutoka China. Moshi unaandikwa China. Wataalamu wanapohesabu kwa kufuata anayetumia badala ya anayetengeneza, magunia ya Mwingereza yanapanda na ya Mchina yanashuka.

Hata hivyo yanashuka kidogo tu. Mchina naye asijifiche nyuma ya wanunuzi wake. Mwaka 1990 alikuwa na magunia kama 20, leo amempita Mwingereza na Mfaransa. Wanaosema China ni nchi maskini inayosingiziwa wanasema habari ya zamani.

Kuna deni la tangu zamani pia. Hewa ukaa haiishi upesi. Sehemu yake inakaa angani kwa mamia ya miaka. Ile iliyotoka katika garimoshi la babu wa babu wa Mwingereza, nyingine ingali juu hadi leo. Kwa hiyo si haki kuhesabu magunia ya mwaka huu peke yake. Tuhesabu yaliyo ghalani yote. Tukifanya hivyo, tangu viwanda vilipoanza, karibu robo ya hewa ukaa yote ya mafuta, gesi na makaa imetoka Marekani. Bara zima la Afrika, kutoka Cairo mpaka Cape Town, lina kama sehemu 3 katika 100. Na katika hizo tatu, kubwa ni ya Afrika Kusini, ambayo ina makaa ya mawe mengi na ambayo kila mtu wake ana magunia zaidi ya 60.

Hesabu hii ya vichwa haikuja yenyewe kwenye meza za wakubwa. Ilipiganiwa. Mwaka 1991 Wahindi wawili, Anil Agarwal na Sunita Narain, waliandika kijitabu mjini New Delhi. Walikuwa wamesoma hesabu iliyotoka Marekani, ambayo ilizitaja India na China pamoja na wachafuzi wakubwa. Wao wakauliza: mnachanganyaje hewa inayotoka katika shamba la mpunga la mkulima maskini na ile inayotoka katika gari la tajiri? Moja ni ya kutafuta chakula, nyingine ni ya starehe. Wakataka kila mtu duniani ahesabiwe kuwa na haki sawa katika anga. Mwaka uliofuata, 1992, nchi zilikutana Rio de Janeiro zikakubaliana mkataba unaosema kwamba wajibu ni wa wote, lakini si sawasawa kwa wote. Nchi tajiri zitangulie. Katika mapatano ya Paris ya mwaka 2015 kila nchi iliachiwa ipange yenyewe itapunguza kiasi gani. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, zilikubaliana kuanzisha mfuko wa kuwasaidia walioumizwa. Ahadi hazikukosekana. Fedha ndizo zinakuja kwa kusuasua, na Marekani kwenye mapatano ya Paris imekuwa ikitoka, ikarudi, na mwaka 2025 ikatangaza kutoka tena.

Wanaoumizwa ni akina nani? Kuanzia mwisho wa mwaka 2020, katika Pembe ya Afrika, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Kusini mwa Ethiopia, Somalia, na kaskazini na mashariki ya Kenya, mifugo ilikufa kwa mamilioni. Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza ukame huo walisema kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumeufanya uwezekano wa ukame wa namna ile kuwa mkubwa mara 100 au zaidi. Msomali, kwa hesabu yetu, hafikishi gunia moja kwa mwaka. Mfugaji aliyebaki na fimbo tu mkononi ndiye anayelipa magunia ya watu wasiomjua.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana tusipojikagua tutakuwa wasemaji tu.

Kwanza, yale magunia mawili na nusu hayahesabu msitu. Tumekwisha sema kwamba ni hesabu ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Msitu ukifyekwa na kuchomwa ili kupata shamba, au ukigeuzwa mkaa wa kupelekwa mjini, kaboni iliyokuwa imekaa katika miti inapaa, na haimo katika magunia hayo. Kila mwaka Tanzania inapoteza mamia ya maelfu ya hekta za misitu. Hesabu ya msitu ikiongezwa, magunia yetu yanapanda sana. Mkaa hatuchomi kwa kupenda, tunajua. Gesi ina bei na mtungi unataka fedha ya mara moja. Lakini hesabu ni hesabu.

Pili, na hili tunalisema kwa sauti, uchache wa magunia yetu si sifa. Wako wageni wanaotusifu kwamba tunaishi vizuri na mazingira. Magunia mawili na nusu maana yake ni mama anayetembea saa mbili kutafuta kuni. Ni zahanati isiyo na jokofu la chanjo. Ni jembe la mkono. Hatutaki kusifiwa kwa hayo. Tunataka umeme na trekta kama wenzetu, ila tuna bahati moja: tunaweza kuupata umeme bila kupita njia ya Mwingereza. Wakenya wanachota mvuke wa moto chini ya ardhi huko Olkaria, na sehemu kubwa ya umeme wao inatoka kwenye mvuke huo. Sisi tuna bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yake yote tisa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Pia tuna gesi ya Songo Songo, ambayo inachomwa na hutoa hewa ukaa, lakini pungufu kuliko makaa ya mawe. Tukijenga hivyo magunia yataongezeka kidogo, na hatuoni sababu ya kumwomba mtu msamaha kwa hayo.

Liko jambo la tatu, nalo limekwisha fika vijijini. Siku hizi wanakuja watu na magari yao, wanaomba mkutano, wanasema wanataka kununua hewa ukaa. Wengine wetu tulicheka tuliposikia. Kumbe biashara ipo. Kijiji kinakubali kuutunza msitu wake, wataalamu wanapima tani ambazo hazikupaa kwa sababu msitu haukukatwa, na tani hizo zinauzwa kwa kampuni za nchi za mbali. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata mabilioni ya shilingi kwa njia hii, na fedha zimejenga zahanati na madarasa. Hatusemi msiuze. Tunasema mwuze mkijua hesabu.

Tuseme kijiji cha watu 3,000 kimeuza tani 12,000 kwa mwaka. Gawanya kwa tani 15 za Mmarekani mmoja. Ni hewa ya Wamarekani 800 kwa mwaka mmoja. Aliyenunua anaweza kusema, "Mimi sasa nimelipa, niacheni niendelee kuchoma." Na ninyi huku mmefunga msitu, hamchungi ndani yake, hamlimi, labda kwa miaka 30. Mjukuu ambaye hajazaliwa tayari amewekewa sahihi. Kwa hiyo someni mkataba, kila ukurasa, na kwa Kiswahili. Ulizeni tani ngapi, bei gani kwa tani, nani ananunua, dalali anabaki na kiasi gani, na msitu ukiungua kwa bahati mbaya itakuwaje. Anayejibu "hayo ni mambo ya kitaalamu" mwambieni arudi siku akiwa na mtaalamu wake. Serikali ilitoa kanuni za biashara hii mwaka 2022, na kiko kituo cha taifa kinachosimamia hesabu za kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwenyekiti aombe nakala ya kanuni hizo kupitia halmashauri. Na kabla ya sahihi yoyote, ni mkutano mkuu wa kijiji unaoamua, siyo watu watatu chini ya mwembe.

Mpaka tutakapokutana tena, tunawaachia kazi ya kufanya katika vikundi vyenu. Nendeni kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu nanyi, kama ni ya dizeli, mwulize mwenyewe inatumia lita ngapi kwa siku. Lita moja ya dizeli inatoa kilo 2.7 za hewa ukaa. Zidisheni kwa lita, kisha kwa siku za kazi katika mwaka, geuzeni jibu liwe magunia, halafu gawanyeni kwa watu wote wanaosaga hapo. Mtuandikie mmepata nini. Mkikuta kila mtu ana gunia zima, rudieni kuhesabu lita.